Mgeni Ndiye Anayegonga Ubao

Vijana wa boti, mmeniomba niandike niliyojifunza ziwani kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja: msiniulize nilipandishwa cheo lini, wala nilistaafu na nini mfukoni. Watu wa ofisini walikibadilisha jina cheo changu kila walipopata meza mpya, lakini tope la kisiwa cha Chisenga lilinishika miguu vilevile. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokitumia botini. Nyumbani kwetu Nchelenge ni Kibemba, kanisani ni Kibemba, ofisini ni Kiingereza. Ila mtu akitaka kuuza samaki, au kuokoa roho yake katikati ya ziwa Mweru, Kiswahili ndicho kinachomtoka.

Nitaandika habari za injini na mawimbi kama mlivyotaka. Lakini kuna jambo moja nililolibeba miaka yote ya kazi bila kujua nimebeba nini, nami nimelijua baada ya kurudisha ufunguo wa injini. Linahusu maneno ambayo ninyi nyote mliyasema shuleni mbele ya bendera.

Siku ya kwanza nilifika gatini na viatu vipya. Boti ya wilaya ilikuwa inahudumia visiwa: ilibeba manesi na dawa, walimu na chaki zao, mitihani, saruji, na siku nyingine jeneza. Mimi niliona nimeajiriwa niendeshe. Ba Mwansa, nahodha (kwetu Ba ni heshima), aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akaniambia nivivue nivitundike juu, kwa sababu vitaishi zaidi kuliko mimi nikiendelea kusimama pale niliposimama. Kisha akanipa kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, na msimu mzima wa kwanza nililishika hilo tu, nikichota maji ya ndani na kuyamwaga nje. Alisema asiyewahi kumwaga maji hajui yanaingilia wapi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimekwisha kuvua viatu.

Ba Mwansa alikuwa mtu mnene wa mabega na mchache wa maneno. Akifanya kazi ngumu, ulimi ulimtoka pembeni mwa mdomo na kubaki pale mpaka kazi iishe. Tulikuwa tunaupima ugumu wa kazi kwa ulimi wake. Ulimi ukionekana, nyamaza na ushike taa au koleo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusafisha plagi kwa msasa uliochakaa, si mpya, na kuifunga injini kwa kamba ya ziada hata kama skrubu zimekazwa, maana injini iliyoanguka ziwani haijui ulikaza vipi. Alinifundisha habari za ile pini ndogo inayoshika propela. Pini imewekwa ivunjike ili injini ipone, ukigonga gogo au magugu. Wajanja huweka msumari mahali pa pini. Msumari hauvunjiki, kwa hiyo kinachovunjika ni injini, na mjanja anarudi nyumbani kwa kasia.

Lakini kabla ya injini, kabla ya kusukuma boti, kulikuwa na desturi. Kila abiria, awe nani, aliinama juu ya ukingo, akatia mkono wa kulia ziwani, akauinua wazi ukiwa unadondoka maji, kisha akauweka juu ya ubao wa boti. Wote wakasema pamoja, kwa Kiswahili cha ng'ambo, upande wa Kongo:

"Siye bote tuko bamoja humu. Mayi ikiingia, tutaimwaga pamoja. Hatutupi mutu."

Halafu tukangoja. Hatukuondoka mpaka abiria mmoja agonge ubao mara mbili kwa vifundo vya vidole, na hakuwa abiria yeyote tu. Alikuwa yule anayejulikana kidogo kuliko wote, mgeni wa safari ile. Ba Mwansa aliwatazama watu, akamwonyesha mmoja kwa kidevu, na huyo akagonga. Nimemwona mganga mkuu akingoja kugongewa na mwanamke muuza mihogo asiyejulikana jina. Boti ya mbao ilipochoka tukaletewa ya plastiki ngumu, lakini tuliendelea kuuita ubao.

Mimi ni mtu wa kanisa, na mwanzoni jambo hilo lilinikera. Nilimuuliza Ba Mwansa kama ile ni dawa ya uganga. Alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba mlevi hawezi kuinama ukingoni bila kuanguka, kwa hiyo unamjua mkiwa bado pwani. Mwenye homa utauona mkono unatetemeka. Anayependa kusimama botini, akishainama na kuona maji yalivyo karibu, atakaa chini bila kuambiwa. Nikaridhika. Nilimuuliza pia nani alimfundisha, akajibu, "Abiria." Nilimuuliza tena miaka iliyofuata, kila mara kwa njia tofauti, na kila mara jibu lilikuwa abiria. Nilijua ananitania, kwa sababu abiria niliowajua mimi hawakufundisha kitu zaidi ya kutapika upande wa upepo.

Sasa, habari ya shule. Mnaikumbuka, maana wote mmesoma kwenye ufukwe huu. Sijui shule za Lusaka husema nini. Nasema cha kwetu. Siku za bendera watoto hupanga mistari, huinama, hugusa chini kwa mkono wa kulia, huuinua mkono wazi, kisha huuweka kifuani. Husema kwa Kibemba kwamba sisi sote wa nchi hii ni wamoja, taabu ikiingia tutaimwaga pamoja, hatumtupi mtu. Mwishoni mwalimu mkuu hugonga mlingoti wa bendera mara mbili kwa fimbo, na watoto huanza kutembea. Tulifundishwa kwamba kiapo kilitoka serikalini pamoja na bendera, na kwamba tunagusa udongo kwa heshima ya nchi. Nani anamwaga taabu, na kwa chombo gani, hatukuuliza. Mwalimu wetu alisema ni maneno ya washairi, na tuliwaogopa washairi kama tulivyomwogopa yeye.

Mtashangaa nilikaaje katikati ya maneno haya mawili miaka yote nisiyaunganishe. Hata mimi nashangaa. Kimoja kilikuwa Kibemba cha sare na magoti yaliyopakwa mafuta. Kingine kilikuwa Kiswahili cha samaki na petroli. Mtu huvaa suti ya kanisani na ovaroli ya kazini mwili uleule, na mke wake tu ndiye anayejua kwamba ni kovu lilelile.

Tena Ba Mwansa aliwahi kunipa kipande cha habari mkononi kabisa. Alipenda kusimulia kichekesho cha mwalimu ambaye yeye alimpeleka kisiwani alipokuwa bado anapiga kasia, siku zile nchi ilipokuwa inakaribia kuwa huru. Mwalimu alikuwa na sanduku lenye bendera mpya, akilikumbatia. Njia nzima alimwomba Ba Mwansa arudie yale maneno ya botini, na arudie tena, midomo yake ikimfuata. Ba Mwansa alidhani mtu wa watu ameshikwa na hofu ya maji. Tulikicheka kisa hicho mara nyingi, tukila bukari, yaani ugali, kwa dagaa wetu wa chisense gatini.

Niwaeleze safari moja ngumu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa mwisho. Tulikuwa tunatoka Chisenga, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeamka kabla yetu. Botini kulikuwa na walimu, wanunuzi wa chisense na magunia yao, na vijana wawili kutoka ng'ambo, Wakongomani, waliokuwa na furushi moja tu na hawakusema wanakwenda wapi. Asubuhi Ba Mwansa alikuwa amemwonyesha mmoja wao kwa kidevu, naye akagonga. Katikati ya njia propela ikapiga gogo lililozama. Pini ikavunjika, boti ikageuka ubavu, na wimbi likaingia lote.

Nilichota kwa kopo mpaka mikono ikafa ganzi. Maji hayakupungua. Ndipo mnunuzi mmoja, Chishimba, kijana wa rika langu, akasema kwamba wale wawili si wa mtu yeyote humu, basi washuke kwenye kisiwa cha matete pale karibu wangoje boti nyingine. Ninyi mnajua kisiwa cha matete ni nini. Ni majani yanayoelea. Mtu mzima akisimama juu yake anazama taratibu. Chishimba naye alijua. Ilikuwa hofu iliyosema, na sina haki ya kumhukumu, maana wengine wetu tulinyamaza na kuangalia yale matete.

Ba Mwansa alikuwa amening'inia nyuma akitia pini mpya, ulimi nje. Aliurudisha ulimi ndani kwanza. "Nani aligonga ubao?" akauliza, bila kugeuka. Sote tulijua. "Basi mashua hii inatembea kwa ruhusa yake. Tupeni magunia."

Wa kwanza kutupa gunia alikuwa Chishimba mwenyewe. Alilitupa, akalitazama likienda, akashika lingine. Wale vijana wawili walichukua sufuria za wauza samaki wakamwaga maji pamoja nami mpaka ngozi za viganja zikachubuka. Injini ikawaka. Tulifika Nchelenge tumelowa, tumepungukiwa chisense, na hatukupungukiwa mtu. Tangu siku ile sikuuliza tena kama ni dawa.

Ba Mwansa alistaafu, nikashika usukani, kisha akatutoka. Tulimzika mjini Kashikishi, na jeneza lake lilipitishwa kando ya ziwa kwa mkokoteni kwa sababu alikwisha kusema hataki kubebwa na gari la mtu asiyejua breki. Mimi niliendelea na desturi, na wengi wenu niliwafundisha. Mliponiuliza imetoka wapi, niliwajibu kama nilivyojibiwa.

Nilipokabidhi ufunguo mwaka huu nilidhani kilichobaki ni kupanda mihogo. Binti yangu Bwalya ni mwalimu katika shule iliyo njiani kwenda kambi ya Mantapala, ambako wanaishi ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Darasani kwake watoto wa kwetu na wa kambini hukaa benchi moja. Shule ilikuwa inajiandaa kwa Sikukuu ya Uhuru, na Bwalya alikuwa amemchagua Neema, msichana wa kambini, aongoze kiapo. Sauti ya Neema, alisema, inafika barabarani bila kupiga kelele. Lakini kamati ya wazazi ikakataa. Si Neema peke yake: watoto wote wa kambini wangekaa kando ya ukuta wakati kiapo kinasemwa, kisha wajiunge kwenye nyimbo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Chishimba. Yuleyule, sasa ni mzee mwenye mvi na fimbo, na mjukuu katika shule hiyo. Bwalya alinieleza hoja yake, na nakiri ilikuwa na uzito. Alisema hana ubaya na watoto. Alisema kiapo ni cha nchi, na kumwapisha mtoto kwa nchi ambayo kesho inaweza kumwambia rudi kwenu ni kumfundisha uongo. Tangu siku ile Neema hakuonekana tena shuleni, na Bwalya alikuwa halali vizuri. Akaniomba nimsindikize kumtafuta, maana Kiswahili chake kinaishia sokoni na changu ni cha miaka yote ya botini.

Tulimkuta Neema nyuma ya nyumba akimenya mihogo na bibi yake, Kambo Feza. Kambo, huko kwao, ni nyanya au babu. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mnyoofu, mwenye kitenge kilichofungwa kwa ukali. Neema hakuinua macho. Bwalya alieleza kilichotokea shuleni, mimi nikatafsiri, na Kambo akasikiliza huku kisu chake hakisimami. Akauliza ni kiapo gani hicho kikubwa ambacho mjukuu wake atakiharibu. Bwalya akamwomba Neema akiseme. Msichana akakataa kwanza. Kisha akaweka kisu chini, akainama, akagusa udongo, akauinua mkono wazi, akaweka kifuani, akasema kwa Kibemba alichojifunza darasani. Ni kweli ile sauti inafika mbali. Nilikifasiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

Kambo Feza aliacha kumenya. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, akanitazama mimi, kisha akavuta beseni la mihogo lililojaa maji. Akatia mkono wa kulia ndani. Akauinua, wazi, maji yakidondoka, akauweka juu ya ukingo wa beseni.

"Siye bote tuko bamoja humu," alisema. "Mayi ikiingia, tutaimwaga pamoja. Hatutupi mutu." Akagonga beseni mara mbili kwa vifundo.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nilimuuliza alijifunza wapi maneno ya botini kwetu, nikidhani labda aliwahi kupanda boti yangu nami nimemsahau. Akasema hajui mashua yangu. Hayo ni maneno ya mama yake.

Akasimulia. Alikuwa mtoto wa kubebwa bado, lakini mkubwa wa kutosha kukumbuka. Kulikuwa na fujo kwao, zamani, kabla ya uhuru wetu, siku ambazo watu wa mtaa mmoja waliulizana umetoka wapi na jibu baya lilichomewa nyumba. Walikimbilia ziwani. Kulikuwa na mtumbwi mmoja wa mbao wa kijana wa upande huu aliyekuwa amekuja kuuza chumvi, na wote wakaurukia: waliokimbia, na waliokuwa wakiwakimbiza, kwa maana kufika alfajiri ile hata wachomaji walikuwa wamechomewa. Mama yake aliingia wa mwisho. Hakuna aliyemjua, hakuwa wa upande wa mtu yeyote pale. Katikati ya ziwa maji yakaanza kuingia.

"Sasa ba-baba bakaanza kuangaliana," alisema Kambo. "Kila mutu alikuwa anashika kitu chini ya nguo. Mutoto anaona, bon, njo vile, niliona. Mama akasema: kila mutu atie mukono mu mayi, aonyeshe. Ukitia mukono mu mayi, kile unashika, unaacha. Visu vilienda chini. Nilisikia vile vinalia ku mbao, halafu vinanyamaza."

Kisha mama yake akasema yale maneno, na akawafanya wote wayaseme. Wakaanza kumwaga maji kwa viganja, kwa kofia, kwa viatu. Lakini yule kijana wa kasia alikuwa amekufa ganzi kwa hofu, kasia liko magotini. Mama akaugonga ubao karibu naye mara mbili, kama mtu anayebisha mlangoni, akamwambia, "Endesha, mwanangu." Ndipo akaendesha. Walifika upande huu wote, walilala kwa watu wasiowajua, na baada ya fujo kuisha walirudi kwao. Ni hivi vita vya juzi vilivyomleta tena, sasa akiwa kambo.

Nilimuuliza kijana huyo alikuwaje.

Akafikiri. Akasema jina hakulijua. Alikumbuka kitu kimoja tu, kwa sababu kilimchekesha mtoto hata siku ile: akipiga kasia, ulimi ulikuwa unatoka pembeni mwa mdomo.

Vijana wangu, nimeona mengi ziwani. Nimeona maji yamesimama kama ukuta wa nyumba, nimeona asubuhi moja upande wa ng'ambo umekuja karibu mpaka unahesabu milango. Sijawahi kushikwa na mshangao kama ule wa pale nyuma ya nyumba, kwenye maganda ya mihogo. Nililia, na sikujificha. Abiria. Mzee hakuwa ananitania hata siku moja. Na yule mwalimu mwenye sanduku la bendera hakuwa anaogopa maji. Alikuwa amepewa bendera bila maneno ya kuisemea, akayapata njiani, akayafanya Kibemba, akayapeleka darasani. Ziwa likawa udongo, ubao ukawa kifua, mlingoti ukagongwa kwa fimbo, na maji yakawa taabu. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Mimi nilikuwa nimeelea juu ya kitu hiki tangu darasa la kwanza bila kumwuliza fundi wake.

Niliwahi kusikia redioni kwamba hata kule Marekani, kiapo ambacho watoto husema kwa bendera kiliandikwa na mtu wa kanisa kwa ajili ya gazeti la watoto, na gazeti hilo lilikuwa linauza bendera kwa shule. Nilicheka siku ile, nikawahurumia Wamarekani. Kumbe cha kwetu kilitungwa na mwanamke asiye na nchi, katika mtumbwi wa chumvi, ili watu wasiuane kabla ya kufika nchi kavu.

Bwalya aliitisha kamati, na Kambo Feza akaja kwa miguu yake, Neema pembeni. Walikuwa wazazi wachache kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Niliogopa kutakuwa na mabishano. Kambo hakubishana. Aliomba maji kwenye beseni, akafanya alivyofanya nyumbani, akaeleza kwa ufupi, nami nikatafsiri kwa wasiojua. Kisha Chishimba akaniuliza, mbele ya wote, kama nina uhakika kwamba kijana yule alikuwa Ba Mwansa. Nikamwambia habari ya ulimi. Pale ndani hakuna mtu wa rika letu ambaye hakuujua ulimi ule, na wazee wawili walitabasamu kwa uchungu.

Chishimba alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Bashi Bwalya," aliniambia, jina langu la baba wa mtoto, kama tunavyoitana watu wazima, "siku ile ya matete, mimi nilitaka kumtupa nani?"

"Aliyegonga," nikamjibu.

"Na safari hii nimetaka kumtupa nani?"

Nikamwonyesha Neema kwa kidevu. Akageuka kwa Kambo Feza na kuongea kwa Kiswahili kile cha magunia, kilichovunjikavunjika, kwamba bado hajui serikali itasema nini kesho juu ya watoto hawa, na hilo halimo mikononi mwake. Lakini kiapo hiki hawezi kuwanyima, kwa kuwa si yeye aliyewapa. Wao ndio waliotupatia sisi. Kambo akamwambia akae, amechoka. Huo ndio ulikuwa mkutano wote.

Siku ya Uhuru nilivaa viatu vizuri. Watoto walipangwa mistari uwanjani, wa kwetu na wa kambini, sare na zisizo sare, na ukuta ulibaki peke yake. Bwalya alikuwa ameweka mabeseni ya maji mbele ya mistari. Wakainama, wakatia mikono, wakaiinua, na uwanja mzima ukadondoka maji. Neema akasema sentensi ya kwanza, wakamfuata. Taabu ikiingia, tutaimwaga pamoja. Hatumtupi mtu.

Mwalimu mkuu alimpa Chishimba fimbo ya kugongea mlingoti, Chishimba akaipeleka kwa Kambo Feza. Kambo akaikataa. Alisema yeye si mgeni humu, amekwisha kusafiri na chombo hiki zamani kuliko sote. Akamsukuma Neema kidogo mgongoni.

Msichana alikwenda mpaka kwenye mlingoti na kusimama. Nadhani aliogopa. Wilaya nzima ilikuwa imetulia: walimu, wazee, watoto wenye mikono mibichi kifuani, mwenyekiti na fimbo ile ya mlingoti isiyo na kazi. Hakuna aliyemharakisha, kwa maana hatukuwa na haki ya kuondoka kabla yake. Kisha akagonga bomba lile la mlingoti kwa vifundo vya vidole, mara mbili, na mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma kutafuta kamba ya kuwashia injini.